Polisi na Afundishwe Kujihami kwa Ulimi

Neno kujihami limetumiwa sana katika taarifa za polisi hata limeanza kuchakaa. Raia akipigwa risasi, taarifa itokayo kituoni aghalabu husema kwamba maafisa walifyatua risasi kwa kujihami. Mimi ni mwanaisimu, si mwanasheria wala mpelelezi, na riziki yangu hutoka katika maneno. Kwa hiyo naomba msomaji aniwie radhi nikianza na neno lenyewe. Hami ni neno lenye asili ya Kiarabu na maana yake ni kukinga, kulinda. Anayejihami hujikinga na dhara. Hamna katika neno hilo hata dokezo la silaha. Mtu hujihami kwa ngao, kwa mkono, kwa kurudi nyuma hatua mbili, kwa kujibanza nyuma ya ukuta, na kwa kusema. Imekuwaje basi, katika Kiswahili cha taarifa zetu, kujihami na kufyatua risasi vikawa kitu kimoja?

Nionavyo mimi, jibu limo katika mafunzo. Binadamu akitishika hana wasaa wa kutafakari. Hufanya lile ambalo mwili wake umelizoea. Askari ambaye mikono yake haikufundwa namna ya kumshika mkaidi bila kumvunja, na ambaye ulimi wake haukufundwa namna ya kumtuliza mtu aliyepandwa na hasira, amebakiwa na kitu kimoja tu, nacho kinaning'inia begani mwake. Ndiyo maana nashikilia kwamba mjadala kuhusu polisi na kujihami ni mjadala wa elimu, na unatuhusu sisi walimu na wanafunzi kuliko tunavyodhani. Isitoshe, ni sisi tunaokutana na askari hao katika saa mbaya: mwanafunzi wa chuo katika maandamano, mwalimu katika mgomo, mtoto wa shule ya bweni usiku ule ambao bweni limechomwa na mwalimu mkuu amekwisha kupiga simu kituoni.

Gharama yake tunaijua. Katika maandamano yaliyozuka Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, na katika miezi iliyofuata, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu iliorodhesha vifo visivyopungua 60. Mnamo Juni 17, 2025, katikati ya jiji la Nairobi, kamera zilimnasa mchuuzi wa barakoa akipigwa risasi kichwani kwa karibu, ilhali hakuwa na silaha yoyote. Hakuuvuka mwezi huo. Upande wa pili, maafisa nao wamepasuliwa vichwa kwa mawe, na familia zao hazisikii uchungu mdogo kuliko familia nyingine. Sina nia ya kuhukumu kesi ambazo ni za mahakama kuhukumu. Ninalouliza mimi ni swali la fani yangu. Zile sekunde zilizotangulia risasi zilijazwa na nini? Nani alisema nini, kwa lugha gani, kwa sauti gani, na nani alimsikia?

Sheria yetu inalijua swali hilo vyema kuliko watekelezaji wake. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamwagiza afisa ajaribu kwanza, daima, njia zisizo za nguvu, na linaruhusu nguvu pale tu ambapo njia hizo zimeshindwa au hazina matumaini ya kufanikiwa. Na njia isiyo ya nguvu ni ipi, kama si maneno? Jedwali lilo hilo linasema kwamba afisa anayekusudia kutumia bunduki sharti ajitambulishe na atoe onyo la wazi, kisha aache muda wa kutosha ili onyo lizingatiwe, isipokuwa pale ambapo kungoja kungeyahatarisha maisha yake au ya wengine. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 49, inampa anayekamatwa haki ya kuelezwa papo hapo, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Msomaji atazame vyema. Sheria imeweka tendo la kusema kabla ya tendo la kupiga.

Wanafunzi wanaosoma pragmatiki watamkumbuka mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962 baada ya kufa kwake, na ambaye alitufunza kwamba kusema ni kutenda. Kuahidi ni tendo, kuapa ni tendo, kuonya ni tendo. Lakini Austin alitwambia vilevile kwamba tendo la namna hiyo lina masharti yake, na masharti yasipotimizwa tendo huharibika. Mtu hawezi kusemekana amemwonya mwenzake ikiwa mwenzake hakusikia, au alisikia asielewe, au alielewa lakini hakupewa nafasi ya kutii. Kupiga ukelele na kufyatua risasi kwa pumzi moja si kuonya.

Historia ina mfano wa jambo hili, na ni mfano unaostahili kujulikana kwa sababu umefungamana na asili ya mafunzo ya kisasa ya polisi ya kujihami. Mnamo Mei 30, 1925, mjini Shanghai, katika eneo lililotawaliwa na mataifa ya kigeni na kulindwa na polisi walioongozwa na Waingereza, umati wa wanafunzi na wafanyakazi ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi katika Barabara ya Nanking. Afisa aliyesimamia kituo alipaza sauti ya onyo kwa lugha ya wenyeji. Sekunde chache baadaye risasi zililia. Waliokufa hawakupungua 9, na hasira ya mauaji hayo ilienea nchini China kote kwa migomo na ususiaji wa bidhaa za Waingereza. Onyo lilitolewa, ndiyo. Lakini ni nani katika kelele za umati ule aliyelisikia, na kwa sekunde zile chache angekwenda wapi akiwa amesukumwa na maelfu mgongoni?

Katika polisi hao hao wa Shanghai alikuwamo Mwingereza mmoja aitwaye William Fairbairn, aliyejiunga nao mwaka 1907. Akiwa doria alipigwa vibaya na genge la wahuni, na alipopona aliamua kujifunza jujutsu ya Wajapani mpaka akahitimu mkanda mweusi. Baada ya mkasa wa 1925 alipewa kazi ya kuunda kikosi maalumu cha kukabili ghasia, na mwaka 1926 alichapisha kitabu cha mbinu zake, Defendu, kwa ajili ya askari anayejikuta peke yake katika kichochoro na mtu aliyemzidi nguvu. Ni kitabu cha kukwepa, kupindua kifundo cha mkono, kumtega mtu mguu, kujinasua anapokukaba. Hadi hapo hakuna la kulalamikia. Lakini vita vikuu vya pili vilipozuka, Fairbairn huyo huyo aliajiriwa kuwafundisha makomando wa Uingereza, na baadaye majasusi wa Marekani, namna ya kuua kimya kimya. Kisu cha makomando hao hadi leo kina jina lake. Mikono ni ile ile, mishiko ni ile ile. Mshiko ni kama kitenzi, na maana yake huijui mpaka uione sentensi nzima.

Wajapani baada ya vita hivyo waliitunga sentensi yao kwa uangalifu zaidi. Polisi wao walikusanya yaliyowafaa kutoka judo, kendo, jujutsu na sanaa nyinginezo, wakaunda mfumo mmoja wakauita taiho-jutsu. Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Taiho maana yake ni kukamata mtu kisheria. Hawakuuita mfumo wao sanaa ya kupiga wala ya kushinda. Waliuita sanaa ya kukamata, na mafanikio yake hupimwa kwa mtu kufikishwa kituoni akiwa mzima, na aliyemfikisha akiwa mzima vilevile.

Nimeitaja mikono kwa sababu sitaki kudhaniwa kwamba napendekeza maneno matupu. Askari anayeamini mikono yake huogopa kidogo, na mwenye hofu kidogo huweza kusema kwa sauti ya kawaida. Tena mikono isiyofunzwa vyema huua hata bila bunduki. Vijana wa Nairobi huijua ngeta, ule ukabaji wa shingo ambao wezi huwapiga watu nyakati za usiku. Ukabaji wa aina hiyo umekuwa pia mbinu ya polisi katika nchi mbalimbali. Idara ya polisi ya New York iliupiga marufuku mwaka 1993. Mwaka 2014, miaka 21 baadaye, Eric Garner alikabwa shingo na afisa wa idara hiyo hiyo akafa, baada ya kusema mara 11 kwamba hawezi kupumua. Wizara ya Haki ya Marekani ilikuwa imetoa waraka mwaka 1995 kuwatahadharisha polisi kwamba mtu akishafungwa pingu asiachwe kifudifudi, bali ageuzwe mara moja, kwa sababu anaweza kukosa pumzi. Mwaka 2020 mjini Minneapolis, George Floyd, akiwa amefungwa pingu na kulazwa kifudifudi, alikandamizwa shingo kwa goti kwa zaidi ya dakika 9. Waraka ulikuwapo. Marufuku ilikuwapo. Lililokosekana ni mwili uliofundwa kutii waraka.

Na lipo jambo jingine katika vifo hivyo viwili ambalo halijazungumzwa vya kutosha na watu wa fani yangu. Waliokufa walikuwa wakisema. Walitumia lugha kwa ukamilifu wake wote: walitaja dhara, wakataja sababu, wakaomba. Polisi wengi duniani wameaminishwa kwamba mtu anayeweza kusema anaweza kupumua, jambo ambalo daktari yeyote atakueleza si kweli, kwa kuwa pumzi ya kutoa neno haitoshi kuupa mwili hewa unayoihitaji. Kwa askari aliyefunzwa kujihami tu, maneno ya mshukiwa ni sehemu ya upinzani wake. Kwa askari aliyefunzwa kusikiliza, maneno hayo ni habari.

Turudi kwetu, tuchukue tukio ambalo kila askari wa Kenya amewahi kuliwaza: mtu mwenye panga. Mwaka 1983 mkufunzi wa polisi wa mji wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika makala iliyosomwa kote. Alikuwa amepima na kuona kwamba mtu mwenye kisu aliye umbali wa futi 21, yaani mita 6 na ushei, huweza kumfikia askari kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi, ambao ni kama muda anaohitaji askari kuchomoa bastola na kufyatua. Kipimo hicho kilikusudiwa kuwa tahadhari. Baada ya miaka kadhaa kikageuka kibali: aliye ndani ya futi 21 apigwe. Wakufunzi wa siku hizi wamekirudisha kipimo hicho katika nia yake. Kama futi 21 ni karibu mno, basi askari na arudi nyuma zifike 40. Aweke gari, meza au ua kati yake na panga. Mwenzake mmoja aseme, wengine wanyamaze, maana mtu anayepigiwa makelele na watu wanne kwa amri nne haijui atii ipi. Umbali humpa askari muda, na huo muda ndio unaompa nafasi ya kusema.

Aliyelielewa jambo hili kwa namna ya pekee alikuwa mwalimu. George Thompson alikuwa mhadhiri wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Emporia, jimboni Kansas, mwenye shahada ya uzamifu na mkanda mweusi wa judo. Aliacha mimbari akawa polisi. Alichokiona barabarani ni kwamba maafisa wakongwe walio bora walikuwa wakitumia balagha ile ile aliyokuwa akiifundisha darasani, ila hawakuwa na majina yake. Mwaka 1983 alianzisha taasisi ya kuwafundisha polisi kile alichokiita judo ya maneno, na kitabu chake Verbal Judo kilitoka 1993. Katika judo hupingani na nguvu za mpinzani bali huzikwepa na kuzielekeza. Thompson aliwafundisha askari kulikwepa tusi vivyo hivyo. Mbinu yake ya msingi ina ngazi: omba kwanza, ukikataliwa, eleza sababu, ukikataliwa tena, mwonyeshe mtu njia alizonazo na matokeo ya kila njia, kisha muulize kama kuna neno lolote litakalomfanya akubali, ndipo utende. Alifariki mwaka 2011. Nakiri kwamba ninamwonea kijicho kidogo, maana wachache kati yetu wahadhiri wa lugha tutaacha nyuma yetu kitu kilichomwokoa mtu.

Atatokea msomaji aseme hizi ni hekaya za walimu. La, limepimwa. Mwaka 2017 wanaisimu na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha uchunguzi wa maneno ya polisi wa Oakland yaliyonaswa na kamera za kifuani walipokuwa wakisimamisha madereva, jumla ya matukio 981. Walionyesha kwamba heshima inaweza kupimwa katika sarufi yenyewe: jinsi mtu anavyoitwa, kama anaombwa radhi, kama anaelezwa sababu. Walionyesha pia kwamba madereva weusi walipewa heshima ndogo kuliko weupe. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2023 ulitazama maneno 45 tu ya kwanza ya afisa. Matukio yaliyoishia kwa upekuzi, pingu au kukamatwa yalielekea, karibu mara tatu zaidi, kuwa yalianza kwa amri. Yale yaliyoanza kwa kumweleza dereva sababu ya kusimamishwa yalielekea kwisha salama. Na katika mji wa Louisville, polisi walipofunzwa kutuliza hali kwa mpangilio maalumu, watafiti walikuta matumizi ya nguvu yamepungua kwa asilimia 28, majeruhi wa raia kwa asilimia 26, na majeruhi wa polisi kwa asilimia 36. Ningependa kila afisa anayeudharau ulimi aitazame hiyo namba ya mwisho. Waliofaidika zaidi ni polisi.

Sasa nije kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo penye kidonda chetu. Wakoloni walipoandikisha askari wa King's African Rifles kutoka makabila mbalimbali, kambini mlizuka Kiswahili cha aina yake ambacho wanaisimu hukiita KiKAR. Kilikuwa lugha ya kazi moja: mkubwa aamuru, mdogo atii. Upatanisho wa ngeli ulipukutika, adabu za mazungumzo zikapotea, na vitenzi vikabaki vimesimama wima kama askari wenyewe. Nyumbani kwa walowezi nako kulikuwa na Kisetla, ndugu yake wa karibu. Sidai kwamba askari wa leo anasema KiKAR. Nasema kwamba Kiswahili cha amri tulirithishwa pamoja na sare na virungu, na kwamba hatujakaa chini kama taifa kukitungia mbadala.

Huwa nawaomba wanafunzi wangu wa pragmatiki waandike maneno ya kwanza waliyowahi kuambiwa na askari usiku barabarani. Majibu hufanana mwaka baada ya mwaka. "Wewe!" "Kuja hapa!" "Unatoka wapi saa hii?" "Toa kitambulisho!" Si utafiti, ni zoezi la darasani, lakini sarufi yake ni ya kutisha. Wewe, likitumiwa peke yake kumwita mtu mzima, ni tusi katika takriban kila mji wa Waswahili. Kuja hapa hata si amri sanifu. Amri ni njoo. Na hakuna hata tamko moja lenye sababu ndani yake. Mwanafunzi mmoja tu, msichana, aliwahi kuandika kwamba aliambiwa, "Habari za usiku. Kuna duka limevunjwa hapo mbele, tunamuuliza kila anayepita. Naomba nikuone kitambulisho." Alisema alikitoa kabla sentensi haijakwisha.

Tofauti kati ya matamko hayo haiko katika upole wa moyo. Iko katika vifaa vya lugha, na vifaa hufundishika. Kiswahili kina hazina ambayo lugha nyingi zingeitamani: kina dhamira tegemezi, ile iishiayo kwa -e, inayoigeuza amri kuwa ombi bila kuipunguzia uzito, kina hebu, tafadhali, naomba na kidogo, kina mzee, mama, ndugu, dada, kijana. Kina tu- ya ushirika, hata askari akaweza kusema "tusogee kando" badala ya "ondoka". Angalieni pia kwamba raia ana cheo cha kumwita askari. Humwita afande, neno lililotufikia kutoka efendi ya Waturuki, ambao wakati mmoja walilitumia kwa mtu msomi. Askari naye hana cheo cha kumwita raia. Pengo hilo dogo la msamiati limebeba mambo mengi.

Umati nao una sarufi yake. "Tawanyikeni!" ni kitenzi kisicho na mahali. Umati uliozibwa pande mbili za barabara na kuamriwa kutawanyika umepewa amri isiyotekelezeka, na mabomu ya machozi yakirushwa hapo hayamtawanyi mtu bali humkanyagisha. Tamko lifaalo lina njia na muda ndani yake: ondokeni kupitia barabara fulani, iko wazi, mna dakika 10. Lisemwe kwa kipaza sauti, lirudiwe mara tatu, na afisa aliye upande wa pili wa umati athibitishe kwa redio kwamba limesikika. Kuna pia kiziwi anayepigiwa kelele "Simama!" naye anaendelea na safari yake kwa amani. Lugha ya Ishara ya Kenya imo katika Katiba. Ishara moja ya kusimama ingefundishwa kwa dakika 5. Na askari aliyezaliwa Kisii akapelekwa Lodwar, je, anajua kusema "weka chini" kwa Kiturkana? Si lazima aijue lugha nzima. Maneno 20 yangetosha kumlinda.

Najua nitakayojibiwa. Nitaulizwa kama maneno yangewaokoa maafisa zaidi ya 40 waliouawa kwa kuviziwa katika Bonde la Suguta, karibu na Baragoi, Novemba 2012. Yasingewaokoa. Aliyevamiwa kwa bunduki hana budi kujibu kwa bunduki, na sheria inamruhusu waziwazi. Lakini askari wa kawaida wa Kenya hayuko Suguta siku zote. Yuko kwenye kizuizi barabarani, mlangoni pa baa, katika ugomvi wa mume na mke, langoni pa chuo. Tukimfundisha kana kwamba kila pahali ni Suguta, atapaona kila pahali kuwa Suguta. Wengine watasema askari huyo amechoka, analala katika nyumba mbovu, mshahara haumtoshi. Hayo ni kweli na hayapingani na haya yangu.

Lakini jibu ninalolikataa kabisa ni kwamba ulimi haufundishiki kwa amri. Kila anayetazama gwaride la makurutu wanaofuzu Kiganjo huona maelfu ya miguu ikitua kwa kishindo kimoja. Miguu hiyo haikuzaliwa hivyo. Ilirudia, ikakosea, ikakemewa, ikarudia tena mpaka ikasahau namna nyingine ya kutembea. Ulimi nao hufundwa vivyo hivyo. Siku ya kuwaandikisha, makurutu wetu hukimbizwa, hupimwa kimo, na hufunguliwa vinywa wakakaguliwa meno. Ulimi ulio nyuma ya meno hayo haumshughulishi mtu.

Napendekeza basi kwamba mafunzo ya kujihami huko Kiganjo yasiwe somo la mikono peke yake. Kila mshiko ufundishwe pamoja na tamko lake, hata kurutu asiweze kukunja mkono wa mwenzake bila kinywa chake kutaja anachokifanya na kwa nini. Zoezi lifanyike baada ya mbio, moyo ukidunda, huku wenzake wakimtukana, maana ndivyo itakavyokuwa barabarani. Onyo la kabla ya risasi litungwe rasmi kwa Kiswahili, liwe fupi, lijaribiwe uwanjani katikati ya kelele na kwa umbali mbalimbali, na lisilosikika litupwe litungwe jingine. Mtihani wa kufuzu uwe na mhusika anayekataa kutii, na kurutu apewe alama kwa sekunde alizoweza kumzungumzisha. Kamera za kifuani zikinunuliwa, maneno yanayonaswa yasiwe ushahidi wa kortini tu. Yafundishiwe, kama tunavyofundishia insha za wanafunzi wa mwaka uliopita.

Kazi hiyo si ya polisi pekee. Vyuo vikuu vyetu vina idara za Kiswahili na isimu, na zimejaa watafitiwa wanaochambua maneno ya matangazo ya simu na majina ya matatu. Sijaona tasnifu inayochambua kizuizi cha barabarani. Mimi nimeanza kukusanya matamko ya askari na raia, mabaya na mazuri, ili pawe na kitu cha kuwekwa mezani siku ambayo mtu atauliza mtaala huo utaandikwa kutokana na nini. Mwalimu au mwanafunzi mwenye mfano aliousikia kwa masikio yake na auandike neno kwa neno, pamoja na mahali, saa, na lililofuata baadaye, aupeleke kwa mhariri wa gazeti hili. Mazuri ndiyo yaliyo adimu katika daftari langu, na ndiyo ninayoyahitaji zaidi.